Alama Juu ya Uso wa Lony

"Nikutegee?"

"Nitegee, Mama Lony."

"Nina mtoto hali, hanywi, na tangu nimpate hajaongeza hata ukucha."

Ayak aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. Kibanda chake cha mabati hapo Kakuma kilikuwa kimeshika moto wa mchana kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na mtu pekee aliyethubutu kukaa ndani alikuwa Abul, huyo Mama Lony, muuza kisra, na beseni lake tupu miguuni. Kisra, ile mikate myembamba ya mtama, ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Watu wa Sudan Kusini pale kambini hawaoni utamu wa mboga bila hiyo, na hakuna aliyeimimina nyembamba kama Abul.

"Jiwe," Ayak akajaribu.

"Nani alizaa jiwe? Nipe mji."

"Haya, chukua Lodwar."

"Lodwar nimeenda, nikakuta joto ni lile lile, nikarudi. Sasa sikia jibu." Abul akaingiza mkono kifuani, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa. "Picha. Mtoto wangu ni huyu."

Ayak alikuwa anamjua Lony wa kwenye picha tangu yeye mwenyewe yuko shule ya msingi. Nani upande ule wa kambi asiyemjua? Mtoto wa miaka sita, shati jeupe lenye kola kubwa kuliko shingo yake, amesimama mbele ya pazia la maua kanisani kule Bor, Krismasi ya mwisho kabla ya vita. Hakucheka. Alikuwa anamtazama mpiga picha kama mtu anayetaka kumwuliza jambo na anangoja apewe nafasi. Mwaka uliofuata vita vikaingia mjini, watu wakakimbilia mtoni, na katika kusukumana kupanda mashua mkono wa Lony ukachomoka katika mkono wa mama yake. Ndivyo Abul alivyolisema jambo hilo kila mara, kwa neno lile lile: ulichomoka. Hakuwahi kusema niliuachia, na hakuna aliyemwuliza.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Hakumlilia kama maiti, maana maiti hakuiona. Hakunyoa kichwa kama wanyoavyo waliofiwa. Kila Krismasi alikisia tu kijana amefikia wapi, akachora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya mlango wake, na mistari ile ilikuwa imekwisha kumpita yeye mwenyewe kimo.

"Nataka umtie ndani ya kompyuta," alisema. "Jasho linamla. Ona shavu hili, limeanza kuondoka."

Ayak akailaza karatasi kwenye skana, akangoja mwanga upite. Uso wa Lony ukatokea kwenye kioo, mkubwa kuliko walivyowahi kuuona wote wawili. Abul akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Khalas, imetosha," akasema kupitia vidole. "Sasa hata nikifa, yupo."

Baada ya hapo walitoa nakala za kubandika ukutani, kanisani, kwenye bomba la maji na zahanati. Mashine ya fotokopi ya Ayak ilikuwa na wino wa kubahatisha. Uso ulitoka mweusi kama chini ya chungu, lakini shati lilionekana na namba ya simu ilisomeka. Haikupita wiki, mwanamume akapiga. Akalitaja shati, akalitaja pazia la maua, akasema kijana yuko naye Lokichar na atampandisha gari. Abul akamtumia pesa alizotaka. Kisha akavaa gauni lake la kanisani, akasimama kando ya barabara kuu tangu asubuhi, akikodolea kila gari linalotoka kusini, mpaka wachungaji wakawa wanarudisha mbuzi na watu wa maduka wakaanza kumwonea haya. Simu ya yule mtu haikupatikana tena.

Abul alirudi akazing'oa nakala zote kwa mkono wake, ukuta kwa ukuta, akazitia motoni chini ya sahani ya chuma anayopikia kisra. Kesho yake alikuwa kibandani.

"Wameniibia mtoto mara ya pili," alisema. "Weka kitu juu ya picha hii. Atakayeichukua, ionekane ameiba."

Kitu hicho Ayak alikuwa nacho tayari. Watu walimletea vyeti vya shule, barua za kanisa, picha za harusi, awatunzie kwenye kompyuta na kuwatumia jamaa zao ng'ambo, na zaidi ya mara moja karatasi ya mtu ilionekana mahali pengine imebeba jina la mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa ametunga programu ndogo ya kutia alama. Wenye kazi huiita alama ya maji, ingawa hailowani wala haikauki: maandishi yanayolala mshazari juu ya karatasi, ili mwizi aibe pamoja na jina la mwenyewe. Hakuitunga yote kwa kichwa chake. Alitumia maktaba.

"Maktaba ya vitabu?" Abul aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni kazi ambayo mtu mwingine, sijui yuko nchi gani, ameshaifanya, akaiacha wazi watu waazime. Mimi nasema tu fungua faili, andika jina hili, lilaze hivi, funga. Namna ya kufanya anaijua yeye."

"Kama kuazima sahani ya kisra kwa jirani."

"Kama hiyo. Unga ndio wangu."

"Na ukiunguza, aliyekuazima hana makosa," Abul akasema, wakacheka.

Katika programu ile kulikuwa na tarakimu moja inayosema alama ikolee kiasi gani. Ukiandika sifuri, haionekani. Ukiandika moja, inafunika kabisa kilicho chini yake. Ayak aliweka katikati, karibu na sifuri, maandishi ya kijivu yanayopitisha macho kama chandarua: MALI YA ABUL, kifuani, juu ya shati jeupe.

Abul aliinama kutazama. Kusoma hakujua, lakini muhuri aliujua. Hakuna mtu wa kambini asiyejua muhuri. Ukifika dirishani na karatasi ambayo muhuri wake umepauka, unarudishwa, unaambiwa njoo Jumatatu, na Jumatatu unaambiwa mwenyewe amesafiri. Watu wamekosa shule, wamekosa matibabu, kwa sababu ya muhuri uliofifia. Kwao karatasi nzuri ni iliyogongwa mpaka upande wa pili ukajua.

"Hii ni moshi," alisema. "Mwizi ataogopa moshi?"

"Mama Lony, ikikolea itafunika picha."

"Kwanza umeiweka wapi? Kwenye shati. Shati ni la nini? Mwizi atakata hapa," na kidole chake kikapita shingoni mwa mtoto, "achukue kichwa aniachie shati. Weka juu ya uso, binti yangu. Na ikolee."

"Juu ya uso?"

"Kwani ndani huna ile nyingine, iliyo safi?"

"Ninayo."

"Basi. Hii ni ya watu. Ile ni yangu mimi."

Ayak akaihamishia alama usoni. Akafuta ile tarakimu ndogo, akaandika moja.

Jua lilikuwa limeshainama. Umeme wa kibanda ulitoka kwa jirani mwenye paneli za jua, naye alasiri alikata wateja wadogo ili friji yake ya soda isizimike. Ayak aliamua kutia alama faili za wateja wote siku hiyo hiyo, kila moja kwa jina la mwenyewe na kwa ukolevu alioutaka. Programu ikaanza, ikasimama. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa imejaa, haikuwa na nafasi ya kuweka karatasi iliyo safi na yenye alama kwa pamoja. Jirani akagonga mabati kumwonya. Basi Ayak akafanya kama wafanyavyo wenye vibanda wote, maana umeme haungoji mtu: akabadilisha mstari mmoja, akaiambia mashine iandike juu ya faili zile zile, kwa majina yale yale, folda nzima kwa mkupuo. Ile ya Lony iliyo safi, alijiambia, nilishaiweka pembeni. Kompyuta ikavuma, ikamaliza, na kioo kikazimika.

Kwa kuwa Lony sasa alikuwa ndani ya mashine, Abul hakuona sababu ya kuinyima karatasi safari. Kaka yake, Mawien, alikuwa anarudi nyumbani kuangalia kama ardhi yao bado ina mwenyewe. Akampa picha aionyeshe njiani. Mvua za kule zikamkuta kivukoni, mtumbwi ukapinduka. Mawien alitoka, mfuko haukutoka. Alipopiga simu alikuwa analia kama mtoto, na Abul ndiye aliyembembeleza.

"Maalesh, pole, ndugu yangu. Wewe u mzima. Picha Ayak anayo."

* * *

Simu ya kutoka Lodwar ilimkuta Abul sokoni. Alisikia maneno mawili matatu, akaacha beseni kwa mwenzake, akaja nayo mbio kibandani ili Ayak aiweke kwa sauti.

"Ejok, Mama Abul." Alikuwa Helen Akoru, Mturkana, akisalimu kwa lugha ya kwao, mfanyakazi wa ofisi moja ya Lodwar inayotafuta jamaa waliopotezana. Alikuwa na sauti ya mtu asiyekimbizwa na kitu.

"Ejok-nooi, mama yangu. Sema."

"Kaa chini kwanza."

Abul alikaa chini, sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo.

Helen akaeleza polepole. Katika kambi moja huko Uganda kuna mama mzee wa Kongo, anaitwa Pascaline. Mwaka ule wa vita aliokota mtoto wa kiume mpakani mwa Sudan Kusini, peke yake, shati jeupe limekuwa rangi ya udongo. Mtoto hakusema, si kwa lugha yoyote. Pascaline hakujua jina lake wala kwao, akamwita Barnabé, akamlea kama wake. Mwaka wa tatu homa ikamchukua. Picha yake hana hata moja.

"Mimi sisemi ni yeye, Mama," Helen alisema. "Watoto wa shati nyeupe walikuwa wengi ile barabara. Lakini huyu mama anasema, akiona tu sura, atajua. Na wiki hii anarudi kwao Kongo na msafara. Kule anakoenda hakuna mtandao. Picha ya kijana unayo?"

Abul aliivuta simu karibu na mdomo.

"Ninayo," alisema. Kisha akasema, si kwa Helen hasa: "Kama ni yeye, nijue, ninyoe kichwa, nimlilie kwa jina lake. Kama si yeye, nijue, nitangoja, kungoja najua. Lakini nimechoka kukaa kizingitini, sipo ndani, sipo nje." Akamgeukia Ayak. "Tuma ile safi."

Ayak akafungua folda. Picha ya kwanza ikaja na herufi zake nene nyeusi. Akaenda folda ya pembeni, akakuta barua za kwaya. Akatafuta kwa jina, akatafuta kwa tarehe, akafungua kila kilichoitwa Lony, na kila kilichofunguka kilikuwa na MALI YA ABUL, kutoka shavu la kushoto hadi kipaji cha kulia, YA imekaa juu ya macho yote mawili kama kidole na gumba. Hapo ndipo alipokumbuka ule mstari mmoja, na jirani anavyogonga mabati.

"Iko wapi?"

"Natafuta, Mama."

"Tafuta. Tafuta pole pole, usiogope."

Upole ule ndio uliomvunja. Ayak akamwambia.

Abul alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ondoa," alisema. "Si wewe uliyeiweka?"

"Haiko kama nguo aliyovishwa, kwamba nitavua nimkute chini. Nilisema moja. Pale palipokuwa na jicho, sasa pameandikwa weusi, na chini ya weusi hakuna kitu. Niliandika juu yake, Mama Lony. Ni mimi."

"Na aliyesema ikolee ni nani?" Abul akauliza, kisha akamshika Ayak kifundo cha mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Ukilia wewe, nani atafikiri?"

Walimtumia Helen ile yenye alama. Helen akajibu waje Lodwar. Kuna fundi kijana anaitwa Ethuro, ameokoa picha nyingi za watu, na wakimaliza kwake watampigia Pascaline kwa video pale ofisini. Karatasi za ruhusa ya kutoka kambini zilipatikana kwa kusukumwa na Helen mwenyewe, na asubuhi ya siku iliyokuwa ya mwisho kabla ya msafara, walikuwa Lodwar.

* * *

Duka la Ethuro lilikuwa na feni kubwa iliyoelekezwa kwenye kompyuta, si kwa watu.

"Ejok, wageni wa Kakuma! Karibuni, joto ni ya bure." Akaifungua picha, akapiga mluzi. "Eh! Nani alifanya hii? Hii si alama, hii ni ukuta. Ethuro anawategea kitendawili: nyumba haina mlango, haina dirisha, na mtu ako ndani. Aliingilia wapi?" Akajichekea. "Tuone. Hii maandishi iko layer yake pekee, kama karatasi imewekwa juu ya ingine, ama uliunganisha?"

"Niliunganisha. Ni picha ya skana."

"Na uliipiga na nguvu gani?"

"Moja."

Kicheko kikamtoka usoni. "Moja kabisa?"

"Moja."

"Dada yangu. Ungepunguza hata kidogo tu, kule chini kungebaki harufu ya picha, mimi ningeivuta. Lakini moja..." Akashusha sauti, lakini duka lilikuwa dogo. "Sisi ng'ombe tunampiga chapa kwa mbavu, hata paja. Nani anachomanga ng'ombe macho?"

"Anasemaje?" Abul aliuliza kutoka mlangoni. Kiswahili alikielewa vizuri. Alitaka tu kuambiwa kitu kingine.

"Anasema ni kazi ngumu, Mama."

Ethuro alijaribu, na alijaribu kwa moyo. Alipandisha mwanga, akaushusha, akatenganisha rangi, akakuza mpaka uso ukawa viraka. Ayak alisimama nyuma yake akiona kila njia anayoifuata na mahali itakapokomea. Kila mara walifika ukutani pale pale. Mwishowe kijana akajikuna kichwa.

"Iko njia moja. Kuna mashine ya mtandao, hizi akili bandia. Unafuta maandishi, yenyewe inajaza. Lakini inajaza vile inataka."

Ayak alipaswa kusema hapana. Alisema, "Jaribu tuone."

Duara la kungojea likazunguka kwenye kioo, likatulia, na pale palikuwa na mtoto. Shati lake, kola yake, pazia lake la maua. Na macho: makubwa, maangavu, yenye nuru kwenye mboni, na chini yake mashavu yamepanda kidogo kwa tabasamu. Mtoto mzuri wa kupendeza. Yule mtoto hakuwa na swali lolote la kumwuliza mtu.

Abul aliwapita wote wawili. Alikishika kioo kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtu kichwa, akakibusu, akasema maneno ya kwao, ya chini chini, yale ambayo mama humwambia mtoto aliyetoka kuamka. Kisha akageuka, uso umelowa. "Amekuja," alisema. "Nilikuwa nimeanza kumpoteza, unajua? Sikumwambia mtu. Huko nyuma nilikuwa namwona mzima, baadaye nikawa namwona nusu. Sasa amekuja mzima."

Ethuro alimtazama Ayak. "Mwambie," alinong'ona.

"Nitamwambia."

Alihamisha picha kwenye simu yake. Njia nzima mpaka ofisini Abul alitembea mbele, akisalimia watu asiowajua, na Ayak hakumwambia.

* * *

Pascaline alitokea kwenye kompyuta ya Helen na kitambaa cha kijani kichwani, nyuma yake mizigo iliyofungwa tayari kwa safari.

"Jambo, mama wa mutoto," alisema.

"Jambo, mama," Abul akajibu, na kwa muda wanawake wale wawili walitazamana tu, kila mmoja akimtafuta kitu mwenzake usoni.

Helen akaonyesha kwanza picha aliyokuwa nayo, ile yenye alama. Mzee akasogea mpaka paji lake likajaa kioo.

"Shati, inaweza kuwa. Sikio... batoto yote iko na masikio namna moja. Kidevu, sijue." Akarudi nyuma. "Toeni ile maandishi, nione."

"Haitoki, mama," Helen alisema.

"Haitoki?" Pascaline akatikisa kichwa. "Sikieni. Barnabé hakusemaka, hata neno moko. Alikuwa anasema na macho. Anataka maji, anakuangalia. Anaogopa, anakuangalia. Siku ya mwisho pia, aliniangalia. Ile macho miye nilijifunza kama vile mutu anajifunza luga. Kidevu munanipatia ya nini? Munipatie macho."

"Yapo!" Abul akamshika Ayak bega. "Yapo, Ayak anayo. Mwonyeshe. Mwonyeshe, binti yangu, upesi."

Ayak aliitoa simu. Ilikuwa rahisi: kuigeuza tu. Mzee angesema ndiyo au angesema siyo, na Abul angepata alichokuja kutafuta. Angenyoa au angengoja, na kwa vyovyote vile angelifanya kwa moyo mmoja mpaka kufa kwake. Na jambo lenyewe lingekuwa limeamuliwa kwa macho ya mtoto ambaye hakuzaliwa na mtu.

"Siwezi," alisema. "Si macho yake."

"Nimeyaona! Mimi mama yake."

"Mama Lony, mashine ile haijawahi kumwona Lony. Imeokota macho ya watoto wengine, wengi, ikayachanganya, ikayaweka pale. Nilijua tangu kule dukani. Nilipaswa kukwambia kule kule."

Helen aliweka kalamu chini. "Basi hiyo hatumwonyeshi," alisema kwa upole. "Pole, Mama."

Abul hakupiga kelele. Alimtazama Ayak kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwake na haikumbuki.

"Kwa hiyo nilimbusu nani?" aliuliza.

Kwenye kioo Pascaline alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Alisema, "Mama, sikia. Alikuwa mutoto muzuri. Kama ni wako, kwangu hakulala njaa. Kama haiko wako, basi kuko mama mwingine, na yeye pia haju..." Hapo mtandao ukamshika, mdomo wazi, kiganja nusu njia. Walingoja. Helen akapiga tena, akapiga tena, mpaka ikawa wazi kuwa wanapiga kwa ajili ya kupiga tu.

"Faili yako tutaiacha wazi," Helen alimwambia Abul wakiagana.

"Wazi," Abul akarudia.

Walikaa kwenye benchi la baraza kungoja usafiri. Watu wa ofisi waliingia na kutoka na karatasi zao. Abul alifumba macho, akayafumbua haraka. Akafumba tena, akafumbua.

"Nilikuwa na dawa yangu," alisema. "Siku ikiwa mbaya, nafumba macho, anakuja. Nusu, robo, lakini wa kwangu. Sasa nafumba, anakuja yule wa mashine. Anacheka. Ayak, Lony alikuwa anacheka kwenye ile picha?"

"Hakuwa anacheka, Mama."

"Macho yake yalikuwaje? Wewe umeyaona miaka yote. Niambie."

Ayak alifungua kinywa kumwambia. Akatafuta kichwani, nyuma ya kola kubwa, mbele ya pazia la maua, na aliyemkuta amesimama pale, akimtazama kwa nuru yake yote, ni yule yule wa dukani.

Abul aliuona uso wa msichana ukibadilika, akaelewa. Akavuta pumzi moja ndefu.

"Mbona ulinionyesha?" alisema. Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, kama anayetaka kujua.

Ayak aliigeuza simu kifudifudi pajani.

Upepo wa mchana ukainuka kutoka upande wa mto, ule upepo wa Lodwar unaobeba mchanga, ukapita barazani ukipiga milango. Watu wote wakafunika nyuso na kufumba macho. Abul alikaa vile vile, mikono mapajani, mchanga ukimpiga na machozi yakimtiririka, macho yake wazi, akiyakaza yasije yakajifumba.